Kitanda na kunguni wake: tumwamini askari aliyekuwepo au mwandishi aliyebuni?

"Mimi ni mpenzi wa vitabu vya vita. Tuko kikundi cha watu tisa na kila mwezi tunasoma kitabu kimoja. Mwezi uliopita nilipendekeza kumbukumbu za askari mmoja wa Vita Kuu ya Pili, kitabu kilichonitoa machozi. Mwenzetu ambaye ni sajini mstaafu akakikataa mbele ya wote. Alisema tarehe mbili haziendani na historia, alama ya kikosi imewekwa kwenye mkono usio wake, na mazungumzo yameandikwa neno kwa neno miaka arobaini baada ya vita. 'Huyu hakuwepo,' akasema. Wengine wakamjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na heri kumbukumbu yenye makosa kuliko riwaya ya mtu aliyejifungia chumbani. Lakini nikisema kweli, riwaya ya mtu ambaye hakuwahi kupigana ilinifundisha zaidi kuliko kumbukumbu yoyote. Maoni ya wasomaji wengine nayo yananichanganya: kitabu kilekile mmoja anakiita ukweli mtupu, mwingine takataka. Tupime vipi? Na kuna jingine. Mjomba wangu alipigana vitani, hajawahi kutusimulia. Nilimpa kitabu kile nikidhani kitamfungua kinywa. Alikirudisha siku ya tatu bila kusema neno, na mkewe anasema tangu hapo halali vizuri. Je, nilimkosea?"

Ndugu msomaji,

Umeniuliza mambo mawili, na nahisi la pili ndilo linalokukosesha raha. Nitalijibu mwishoni, kwa sababu mengi nitakayoyasema kuhusu vitabu yatakusaidia kumwelewa mjomba. Ila kama mjomba ametamka, hata kwa mzaha, kwamba amechoka kuishi, ruka yote haya uende kwenye aya za mwisho. Vitabu vitasubiri.

Nikilisoma swali lako vizuri, hofu yako ni kwamba ulilia kwa ajili ya uongo. Mtu akishalizwa na kitabu halafu akaambiwa mwandishi hakuwepo, anajiona kama aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Nimehariri na kufundisha maandishi ya vita kwa miaka mingi na fedheha hiyo naijua, maana nami nimewahi kuuziwa. Lakini kwa hayo uliyoyaeleza, sioni kwamba kuna aliyekutapeli.

Tuanze na sajini wenu. Jicho lake ni zuri, msimdharau. Alipokosea ni pale aliporuka kutoka kwenye mkono wa shati hadi kwenye "hakuwepo". Mzozo wa namna hiyohiyo ulishatokea, na unafundisha. Guy Sajer, kijana kutoka Ufaransa aliyepigana katika jeshi la Ujerumani dhidi ya Warusi, alichapisha kumbukumbu zake miaka ya 1960. Wachunguzi waliobobea katika mambo ya sare wakakuta ameandika kwamba utepe wenye jina la divisheni yake, Großdeutschland, ulivaliwa mkono wa kushoto, ilhali ulivaliwa wa kulia. Kwa baadhi yao hilo lilitosha: askari gani husahau sare aliyoivaa mwenyewe? Wengine wakamtetea kwa nguvu zilezile. Yeye akajibu kwamba hakukusudia kuandika kitabu cha marejeo ya kijeshi. Aliandika aliyoyapitia na alivyoyahisi. Mimi jambo moja hunijia kila nikikumbuka mabishano yale. Tapeli halisi angefungua kwanza kitabu cha sare. Watu wanaobuni maisha yao huwa na tarehe safi kupita kiasi, kwa kuwa wanajua watakaguliwa. Aliyekuwepo hana wasiwasi huo, na kwa hiyo anakosea hadharani bila kujijua.

Kwa nini akosee? Hapa kuna dhana potofu ambayo karibu sote tunayo. Tunadhani kumbukumbu ni picha iliyopigwa ikafungiwa sandukuni, na kwamba jambo likiwa la kutisha zaidi, picha inatoka kali zaidi. Sivyo akili inavyofanya kazi. Kila tunapokumbuka, tunajenga upya. Tunachukua vipande tulivyoviona wenyewe, tunaongeza tuliyosimuliwa na wenzetu siku ile jioni, picha za gazetini, filamu, kitabu cha mwenzetu tuliyekuwa naye kombania moja, na masimulizi yetu wenyewe tuliyoyarudia mara hamsini. Baada ya miaka ishirini mshono hauonekani tena, hata kwa mwenye kumbukumbu.

Na vitani hata hivyo vipande vya mwanzo ni vichache. Mtu akiwa chini ya risasi macho yake hujifunga kwenye kitu kimoja: tope mbele ya pua, kidole cha mwenzake, kopo la maziwa lililotobolewa. Wapo wanaosema sauti zote zilizimika. Wapo wanaosema dakika mbili zilikuwa kama saa nzima. Yaliyokuwa nje ya kitundu hicho hayakuingia kichwani kabisa, na baadaye akili huyajaza kwa nia njema kabisa.

Hili limepimwa. Mwaka 1997 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanajeshi 59 wa Marekani waliotoka Vita vya Ghuba. Waliulizwa maswali yaleyale mara mbili, mwezi mmoja baada ya kurudi na tena baada ya miaka miwili: uliona mtu akiuawa, ulirushiwa makombora, na kadhalika. Asilimia 88 walibadilisha angalau jibu moja. Miaka miwili tu, si arobaini. Utafiti mwingine wa 2004 uliwahusu wanajeshi zaidi ya 500 waliokuwa kwenye mafunzo ya kuhimili kutekwa. Siku iliyofuata waliombwa wamtambue mtu aliyewahoji uso kwa uso, na kati ya wale waliohojiwa kwa ukali zaidi ya nusu walishindwa au walimchagua asiye yeye. Hao ni vijana wenye afya, waliofunzwa kutazama. Basi mzee anayeandika kwamba vita vya kijiji fulani vilikuwa Jumanne kumbe vilikuwa Alhamisi, mimi namsamehe kabla hajaniomba.

La mazungumzo ya neno kwa neno nalipita haraka. Hakuna anayeyakumbuka. Ni desturi ya uandishi, na mwandishi anayeyatumia anakuambia "tulizungumza kwa namna hii". Ninapokunja uso ni pale sajini wa mwandishi anapohutubia aya tatu zenye mantiki kamili huku mabomu yakianguka.

Kuna waandishi waliojua udhaifu huu wakajikinga. Eugene Sledge, askari wa kikosi cha Marines cha Marekani aliyepigana katika visiwa vya Pasifiki, Peleliu mwaka 1944 na Okinawa mwaka 1945, alikuwa akiandika vidokezo kwa siri ndani ya Agano Jipya dogo la mfukoni. Kitabu chake kilitoka 1981, lakini uti wa mgongo wake uliandikwa palepale. Kwa hiyo mkikutana tena, kabla ya kubishania mkono wa shati, ulizeni: huyu mtu aliandika kutokana na nini? Shajara? Barua alizomwandikia mama yake? Au kichwa chake peke yake, akisaidiwa na mwandishi wa kukodi? Mara nyingi utangulizi unasema, ila tunauruka kwa pupa ya kufika kwenye mapigano.

Sasa, si kwamba kila kosa linasameheka. Lipo kosa la kumbukumbu na lipo kosa la nia. Mwaka 1995 kilitoka kitabu cha mtu aliyejiita Binjamin Wilkomirski, kikidai kuwa kumbukumbu za utoto ndani ya kambi za mauaji za Wanazi. Kilipewa tuzo na kutafsiriwa katika lugha nyingi. Miaka michache baadaye uchunguzi ukaonyesha kwamba mwandishi alizaliwa na kukulia Uswisi na wala si Myahudi, na mchapishaji akakiondoa sokoni. Pale hatuzungumzii utepe. Maisha yenyewe hayakuwepo. Dalili za kosa la namna hii unaweza kuzijifunza. Mwandishi anakuwepo katika kila tukio mashuhuri. Kikosi chake hakikuwa mahali pale mwezi ule. Wenzake wote hawana majina, au wote wamekufa kwa urahisi. Na yeye mwenyewe hana aibu hata moja. Katika kurasa mia nne hakuwahi kujificha wala kumwacha mtu. Hili la mwisho ndilo hunipa shaka kuliko yote. Waliokuwepo kweli karibu wote wana jambo moja wanalozunguka pembeni mwake, na ukisoma taratibu utaona mahali sentensi zinapofupika ghafla.

Tukija kwa wenzako wa kunguni: methali yao ni ya kweli, lakini wameisoma nusu. Aliyelala kitandani anawajua kunguni wa kitanda kile. Idadi ya vitanda ndani ya nyumba haijui, wala nani alijenga nyumba, wala kwa nini mlango ulifungwa kwa nje. Askari wa miguu anaiona vita kwa upana wa mita mia mbili. Stendhal, mwandishi Mfaransa aliyekuwa na jeshi la Napoleon huko Urusi mwaka 1812, alilijua hilo. Katika riwaya yake ya 1839 kijana anafika Waterloo, pambano la mwisho la Napoleon, anazunguka siku nzima ndani ya moshi, kisha anabaki akijiuliza kama kweli alikuwa vitani. Hakuna kumbukumbu ya jenerali iliyowahi kunieleza uwanja wa vita vizuri kama ule mshangao wa kijana wa kubuni.

Majenerali nao wana kasoro yao. Mwamba ngoma huvutia kwake. Mkubwa akiandika, anaandika akijua kesi yake inasikilizwa. Na hata anapotaka kusema kweli, huenda haruhusiwi. Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa vita, alichapisha historia yake ya Vita Kuu ya Pili katika majuzuu 6 kati ya 1948 na 1954. Wakati wa vita alikuwa akiletewa siri za Wajerumani zilizofumbuliwa na wataalamu wa Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kufumbua maandishi ya siri, zile zilizoitwa Ultra. Ndani ya majuzuu yote 6 hakuna aliposema wazi kuhusu chanzo hicho, kwa sababu siri ile haikufunguliwa kwa umma hadi 1974. Fikiria: karibu kila kumbukumbu ya uongozi wa vita ile iliyotoka kabla ya mwaka huo ina shimo katikati, na msomaji wa wakati ule hakuwa na njia ya kulijua. Ndiyo maana mwaka wa kuchapishwa ni kati ya vitu vya kwanza ninavyoviangalia.

Halafu kuna wasioandika kabisa. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1920, na maafisa wa upande wa Waingereza nao waliandika zao. Lakini jeshi katika vita ile lilitembea juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, mamia ya maelfu yao, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu zao ziko wapi? Ukisoma vitabu vya maafisa, mpagazi ni idadi: wamepatikana mia mbili, wametoroka thelathini. Vivyo hivyo kwa wanawake. Katika jeshi la Kisovyeti walitumikia wanawake mamia ya maelfu, wakiwa madaktari, wadunguaji, marubani, madereva wa vifaru, na bado ilibidi Svetlana Alexievich, mwandishi wa Belarus, azunguke na kinasa sauti akiwahoji mmoja mmoja ndipo kitabu chao kikatoka mwaka 1985, miaka 40 baada ya vita. Kitabu kile si kumbukumbu ya mtu mmoja, wala si riwaya, wala si historia ya kawaida. Kipendekeze kikundini kwenu. Sajini atakosa pa kukiweka, na hiyo peke yake ni burudani.

Na kuna pengo kubwa kuliko yote hayo, ambalo watu hawalitaji labda kwa sababu liko wazi mno. Kumbukumbu za vita zimeandikwa na waliopona. Ukiacha shajara na barua zilizookotwa, kila kitabu cha aina hiyo kina habari njema iliyojificha tangu ukurasa wa kwanza: huyu hafi. Hata kiwe cha kuhuzunisha namna gani, njia yake inaelekea nyumbani. Ilhali vita, kwa mamilioni ya watu, havikuelekea nyumbani.

Hapo ndipo riwaya inapopata kazi yake, na nadhani ndipo ile riwaya yako ilipokufundisha zaidi. Mwandishi wa riwaya anaweza kuingia kichwani mwa anayekufa na kukaa naye hadi mwisho. Anaweza kusimama pande zote mbili za mto usiku uleule. Anaweza kumfuata mpagazi. Kwamba hakuwepo si kikwazo kama tunavyodhani. Stephen Crane alizaliwa 1871, miaka 6 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani kwisha, na mwaka 1895 akachapisha riwaya kuhusu kijana anayekimbia pambano lake la kwanza katika vita vile. Wakongwe wengi wa vita waliamini alikuwa askari. Inasimuliwa hata kwamba mmoja wao alisema alikuwa pamoja naye pale Antietam, pambano la 1862, miaka 9 kabla Crane hajazaliwa! Mnaweza kumcheka mzee yule, lakini mimi naona alikuwa akitoa sifa kubwa kuliko anayoweza kuitoa mhakiki yeyote: kwamba hofu iliyoandikwa mle aliitambua kuwa yake. Na ona pia jinsi kumbukumbu yake ilivyojijenga upya mbele ya kitabu.

Crane aliwezaje? Alisoma masimulizi ya waliopigana na kuwasikiliza, halafu akaacha majina ya majenerali na ramani, akabaki na kitu kimoja ambacho mtu yeyote anaweza kukipata ndani yake akijichunguza bila huruma, yaani swali la kama nitakimbia. Leo Tolstoy, Mrusi, naye aliandika kuhusu vita vya Napoleon vya 1812 ilhali alizaliwa 1828. Lakini alikuwa amehudumu kama ofisa Sevastopol wakati wa Vita vya Crimea, kwa hiyo alijua moshi unavyonuka. Waandishi wengi wazuri wa riwaya za kijeshi wako hapo katikati: vita walivyoviona si vile walivyoviandika.

Riwaya ina maradhi yake, nisije nikaonekana naipendelea. Kubwa ni unadhifu. Ndani ya riwaya dhaifu kila risasi ina maana, mwovu anauawa na yule aliyemkosea, barua inafika kwa wakati. Vita halisi ni kusubiri, kuharisha, viatu visivyotosha, amri inayobatilishwa baada ya saa mbili. Katika vita vilevile alivyoviandika Crane, takriban theluthi mbili ya waliokufa waliuawa na maradhi. Hesabu ni riwaya ngapi ulizosoma ambamo shujaa anakufa kwa kuhara damu. Maradhi ya pili ni mapenzi ya silaha: kurasa kumi za kueleza kifaru, nusu ukurasa kwa waliomo ndani yake. Sisemi msome hivyo vya burudani kwa aibu. Mimi mwenyewe husoma nikisafiri. Ila msivichukulie kama ushahidi.

Kwa hiyo nikiulizwa kitabu cha vita kipimwe vipi, huanza na ahadi yake. Mwandishi ameniahidi nini jaladani na katika utangulizi? Aliyeandika "kumbukumbu" ameniahidi kwamba alikuwepo na kwamba hatabuni kwa kujua. Hajaniahidi kwamba hatasahau. Aliyeandika "riwaya" ameniahidi kwamba mambo yangeweza kuwa hivi, na kwamba amefanya bidii kujua. Wapo wanaocheza juu ya mpaka kwa makusudi. Tim O'Brien, aliyepigana Vietnam, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1973, kisha mwaka 1990 akatoa kitabu ambamo msimulizi anaitwa Tim O'Brien na kinachotajwa mwanzoni kabisa kuwa ni kazi ya kubuni. Huko si kudanganya, maana ameshakuambia. Wilkomirski alivunja ahadi. Sajer, kwa ninavyomwona, alisahau.

Tuje kwenye maoni ya wasomaji yanayokuchanganya. Chukua Wajerumani wawili wa mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza. Erich Maria Remarque alikaa mstari wa mbele majuma machache tu mwaka 1917, akajeruhiwa kwa vipande vya kombora, akamalizia vita hospitalini. Ernst Jünger alipigana karibu vita nzima, akajeruhiwa mara nyingi, akapata nishani ya juu. Remarque aliandika riwaya ya kizazi kilichopotea, ikatoka kama kitabu mwaka 1929. Jünger alichapisha kumbukumbu mwaka 1920 ambamo vita ni tanuri linalomfua mtu, kisha akazirekebisha tena na tena katika matoleo yaliyofuata. Ukimpigia kura "aliyekuwepo zaidi", Jünger anashinda kwa mbali. Lakini wakongwe chungu nzima walisoma Remarque wakasema hivi ndivyo ilivyokuwa, na wengine wakamwita mwongo na mwoga. Wanazi walikichoma kitabu chake mwaka 1933. Wote walikuwa wakisema kweli kuhusu kitu fulani, mara nyingi kuhusu wao wenyewe.

Hata marafiki hawakubaliani. Mwingereza Robert Graves alipotoa kumbukumbu zake za mahandaki mwaka 1929, Siegfried Sassoon na Edmund Blunden, waandishi na askari kama yeye, waliijaza nakala moja maandishi ya pembeni wakipinga hili na lile. Graves alijitetea baadaye kwa hoja ambayo kwanza inachekesha na kisha inakufikirisha: kwamba kumbukumbu za mtu aliyepitia mabaya ya mahandaki haziwezi kuwa za kweli kama hazina uongo mwingi ndani yake. Nami simkubalii moja kwa moja. Naona alikuwa anajitafutia mlango wa nyuma, kwa kuwa aliandika kwa haraka na alihitaji fedha. Lakini hoja ina mzizi.

Basi ukisoma maoni ya mtu anayesema "mimi nilikuwa jeshini, kitabu hiki ni takataka", muulize kimoyomoyo: jeshini wapi, miaka gani, kwa kazi gani? Mpiga mizinga na askari wa miguu hawakupigana vita moja hata kama walikuwa bonde moja. Maoni yake ni dhahabu anaposema bunduki ile haikuwa na magazini ya risasi thelathini. Anaposema "askari hawalii", hapo anasimulia kikosi chake, au anajisimulia mwenyewe. Na yule aliyetoa nyota tano kwa sababu alilia, amekuambia habari za machozi yake. Ni habari halali, ila si uthibitisho. Maoni ninayoyathamini kuliko yote ni ya anayetaja ukurasa mmoja na kusema kwa nini ule ulimshika au ulimkera.

Mkikutana, msimshinde sajini. Mwombeni awaambie alama ya kikosi ilikuwa na maana gani kwa askari, kwa nini inamuuma ikikosewa. Huenda mkasikia jambo ambalo halimo katika kumbukumbu ile wala katika riwaya ile.

Sasa mjomba.

Hukumkosea kwa nia, na hakuna sababu ya kujipiga. Lakini ulifanya kwa kuamini jambo ambalo si sahihi, nalo ni kwamba aliyenyamaza ana kizibo tu, kitabu kikikigonga maneno yatatoka. Kwa wengine hutokea hivyo. Kwa wengine ukimya ndio ukuta wanaoishi nyuma yake, na kurasa arobaini za harufu na sauti walizozikimbia zinaubomoa kwa usiku mmoja. Yale niliyoyasema kuhusu kumbukumbu kujengwa upya yana upande wa giza: mwenye kiwewe wakati mwingine hakumbuki, bali anarudishwa. Mwili unadhani ni sasa. Moyo unakwenda mbio, jasho linatoka, na usingizi unakuwa mlango wa kuingilia huko tena.

Kwa hiyo mwendee ukiwa peke yako, wakati wa utulivu, umwambie kwa ufupi: "Mjomba, nilikupa kitabu kile bila kufikiri kitakugusa vipi. Unisamehe. Sihitaji unisimulie chochote. Ukitaka siku moja, nipo." Kisha badilisha mazungumzo kweli, usibaki ukimtazama usoni kama anayesubiri jibu. Usimuulize kama aliua. Usimwambie kwamba yamepita. Usimletee kitabu kingine "chepesi zaidi". Akianza mwenyewe kusema, msikilize bila kumsahihisha tarehe. Wewe hapo si mhakiki.

Mimi ni mtu wa vitabu, si tabibu, na hapa ndipo mpaka wangu ulipo. Usingizi ukiharibika siku chache baada ya kitabu kisha ukarudi, huenda ni tope lililotibuka na litatulia. Lakini kama ndoto za kutisha, kushtuka kwa kila kishindo, hasira za ghafla, kujitenga, au pombe iliyoongezeka vinaendelea kupita mwezi mmoja, au vinavuruga kazi na nyumba hata kabla ya muda huo, anahitaji kuonana ana kwa ana na daktari, mwanasaikolojia au mhudumu wa afya ya akili. Tatizo hili lina tiba. Zipo tiba za mazungumzo zilizotengenezwa mahususi kwa waliopitia matukio ya kutisha, na kwa baadhi ya watu dawa pia husaidia, hata miongo mingi baada ya vita. Wazee wengi hukataa kwa kuona ni kukiri udhaifu. Mara nyingi anayeweza kumshawishi ni askari mwenzake aliyekwenda akapata nafuu, kwa hiyo kama kuna chama cha askari wastaafu anachokiamini, pitia huko. Pengine hata sajini wenu anaweza kukaa naye, mradi msimtume kama mpelelezi.

Akisema anataka kufa, akianza kugawa vitu vyake, au akiaga kwa namna isiyo ya kawaida, usingoje kesho. Asiachwe peke yake, silaha na dawa zitoke nyumbani, na apelekwe hospitali au iitwe huduma ya dharura siku hiyohiyo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo.

Mkewe naye usimsahau. Huyo naye hapati usingizi. Mpe nafasi ya kusema anachokiona usiku, na kama ataona vema, aandike kwenye karatasi ni usiku upi na mara ngapi, itamsaidia daktari. Na kile kitabu kiweke kwako. Akikiulizia siku moja, mpe bila maswali.